Kutoka Kainuk Hadi Kilele cha Mtelo: Mwongozo wa Mpanda Mlima

Anga ya Kainuk ikiwa safi, upande wa kusini-magharibi huonekana ukuta wa milima ukiinuka ghafla kutoka kwenye vichaka vya migunga. Hiyo ni milima ya Sekerr, na kilele chake kirefu kuliko vyote ni Mtelo, kilicho zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Kainuk yenyewe iko chini ya mita 1,000. Ni milima michache nchini Kenya inayopanda juu kiasi hicho karibu hivyo na nchi ya joto na ukame.

Kwa macho mlima uko karibu. Kwa miguu hauko karibu, wala haufikiwi moja kwa moja. Kati ya Kainuk na Mtelo kuna mpaka wa kaunti mbili, Turkana na Pokot Magharibi, na mpaka huo umebishaniwa na kumwagiwa damu kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: Mtelo hupandwa kwa kuzunguka, kwa ruhusa, na kwa kufuatana na mwenyeji. Mwenye kulishika hilo atapata safari njema. Mwenye kutegemea nguvu za miguu na ramani ya simu peke yake, na asiende.

Sura ya nchi

Anza kwa kuijua ardhi, maana ndiyo inayoamua njia, maji na muda wa safari.

Barabara kuu ya A1 inatoka Kitale, inapita Makutano karibu na Kapenguria, kisha Chepareria, Ortum na Sebit, halafu inapenya kwenye pengo la Marich na kuteremka hadi tambarare za Kainuk, Lokichar na Lodwar. Kakuma iko mbele zaidi, kilomita 120 hivi kupita Lodwar. Ukitokea kusini, Sekerr iko mkono wa kushoto wa barabara baada ya Marich, nayo milima ya Cherangani iko mkono wa kulia. Ukitokea Lodwar, pande hizo hugeuka. Kusahau hilo kumewachanganya wengi wanaosoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wasafiri wa Nairobi.

Mito miwili inayoshuka kutoka Cherangani, Muruny na Weiwei, hukutana na kuwa Malmalte, mto unaovukwa kwa daraja karibu na Kainuk. Malmalte nao huingia Turkwel. Turkwel huanzia mlima Elgon kwa jina la Suam, huzuiwa na bwawa kwenye bonde jembamba la mawe upande wa kaskazini wa Sekerr, kisha huendelea hadi Lodwar na kumalizikia katika ziwa Turkana. Bwawa hilo la Turkwel lina ukuta wa mita 153 na mtambo wa umeme wa megawati 106. Maji ya miteremko ya Sekerr pia huishia katika mtandao huohuo. Anayeteka maji Lodwar anakunywa mvua iliyonyesha kwenye milima hii na jirani zake.

Kandokando ya barabara kuna hifadhi mbili za wanyama: Nasolot upande wa Pokot Magharibi na Turkana Kusini upande wa Turkana, zote zilitangazwa mwaka 1979. Ndovu huhama kati ya hifadhi hizo na kuvuka barabara. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokatisha vichakani kwa miguu.

Kadiri unavyopanda, mimea hubadilika. Chini kuna migunga, miba na vichuguu. Katikati kuna mashamba ya mtama na mahindi, ng'ombe na mbuzi, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Juu zaidi unaingia kwenye mabaki ya msitu wa milimani wenye mierezi na podo, na karibu na kilele msitu unapungua, nyasi na vichaka vifupi vinavyostahimili baridi na upepo vinatawala. Siku ya anga safi, kilele kinakuonyesha tambarare za Turkana kaskazini, Cherangani mashariki, nchi ya Karamoja ya Uganda magharibi, na Elgon kusini-magharibi.

Mawe: chokaa iko wapi?

Wengi husikia kwamba Pokot Magharibi kuna milima ya chokaa, wakadhani Mtelo wote ni chokaa. Chokaa ipo, hasa kwenye mikanda ya Ortum na Sebit unayoipita kwa A1. Ndiyo iliyovutia mipango ya kiwanda cha saruji inayozungumzwa huko kwa miaka mingi. Ila chokaa hiyo imekwisha kupikwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi hadi ikawa marumaru. Sehemu kubwa ya Sekerr ni miamba mingine migumu ya zamani sana, kama vile gneisi, na ndani yake kumo vipande vya sakafu ya bahari ya kale vilivyosukumwa juu mabara yalipogongana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Marumaru nayo ilianza kama tope la chokaa lililotua chini ya maji. Nchi hii iliyo mbali na pwani imejengwa kwa bahari.

Jaribio hili dogo litakusaidia kusoma mawe njiani. Okota kijiwe cheupe kilichoanguka chenyewe kando ya barabara, ukikwaruze kwa ncha ya kisu. Kikiacha alama na unga mweupe, dondoshea unga huo matone mawili ya ndimu na uangalie kwa makini. Vipovu vidogo vikipanda polepole, hilo ni jiwe la ukoo wa chokaa. Jiwe jeupe linalokataa kisu, likaacha mstari wa kijivu wa chuma juu yake, ni kwazi (quartz). Kisha rudisha kijiwe mahali pake.

Elimu hii ina kazi kwa mpandaji. Marumaru iliyolainishwa na maji huteleza vibaya ikilowa, basi mitoni usikanyage jiwe jeupe linalong'aa ikiwa lipo jingine lenye mikwaruzo. Chokaa pia huyeyushwa na mvua taratibu, ikapata nyufa na mashimo yanayomeza maji, kwa hiyo kijito ulichokiona juu huenda usikikute chini. Na miteremko yenye udongo juu ya mwamba laini huporomoka mvua zikizidi, jambo nitakalolirudia kwenye sehemu ya misimu.

Usalama kabla ya kila kitu

Kainuk imeumia. Wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani yameua raia, polisi na wafugaji wa pande zote mbili. Februari 2023 serikali ilizitangaza kaunti 6, Turkana na Pokot Magharibi zikiwamo, kuwa na maeneo yenye vurugu na hatari, ikapeleka jeshi kusaidiana na polisi katika operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu. Hali hubadilika. Kuna miezi ya utulivu ambapo matatu hupita siku nzima, na kuna wiki ambazo tukio moja hufunga kila kitu.

Kwa hiyo fuata masharti haya bila kuyapunguza:

1. Usitoke Kainuk kwenda Sekerr kwa kukatisha vichakani, hata ukiwa na kijana anayejua njia za mbuzi. Mgeni anayetokea upande wa pili wa mpaka kwa miguu anaweza kudhaniwa mwizi au mpelelezi. Pita barabara kuu hadi Marich, upandie upande wa Pokot.

2. Siku moja kabla ya safari, uliza hali ya barabara kituo cha polisi cha Kainuk, halafu uwaulize madereva wa matatu. Polisi watakuambia kilichoripotiwa, madereva watakuambia walichokiona. Majibu yakitofautiana, subiri.

3. Safiri mchana. Panga kuwa umepita sehemu ya kati ya Kainuk na Marich kabla ya saa tisa alasiri. Kama magari yanasindikizwa na polisi, ngoja msafara.

4. Usivae wala kubeba nguo yoyote yenye madoa ya kijeshi. Sheria ya Kenya inakataza raia kuivaa, na katika nchi hii inaweza kukuletea risasi kutoka upande wowote.

5. Usipige picha kambi, vizuizi, madaraja, askari wala bwawa bila ruhusa.

6. Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako kwa maandishi: njia, jina la mwenyeji, siku ya kurudi, na saa ambayo akikosa habari zako atapaswa kutoa taarifa.

Wakazi wa Kakuma na Kalobeyei walio wakimbizi wana hatua moja zaidi. Omba kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi mapema, kikitaja unakokwenda na tarehe za kwenda na kurudi, na ukibebe pamoja na kitambulisho chako. Vizuizi vya polisi ni vingi kwenye A1, na kukosa karatasi hiyo huvunja safari kabla haijaanza.

Kufika Marich

Kutoka Lodwar au Kakuma panda gari linalokwenda Kitale, umwambie utingo mapema kwamba unashuka Marich. Kutoka Kainuk utategemea magari yapitayo, na mara nyingine Probox za abiria. Lipa nauli ya Marich, si ya Kitale, na mkubaliane kabla ya kukaa. Pesa taslimu beba kidogo kidogo, kwa noti ndogo. M-Pesa inafanya kazi penye mtandao, lakini mtandao hukatika ukishaanza kupanda.

Karibu na Marich, kando ya mto Muruny, kuna kituo cha mafunzo ya nyanjani ambacho kwa miongo kadhaa kimepokea wanafunzi na wapanda milima. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu watu wake huijua Sekerr na Cherangani, na kwa kawaida mgeni huunganishwa hapo na waongozaji wa Kipokot. Piga simu kabla ya kuondoka uhakikishe wanapokea wageni wakati huo. Sigor, iliyo upande wa mashariki wa barabara, ina soko, maduka na hospitali ya kaunti ndogo. Nunua mahitaji yako huko au Ortum, maana milimani duka ni la sukari, majani ya chai na sabuni.

Ruhusa na mwenyeji

Mtelo si hifadhi ya taifa. Huko hakuna lango la Shirika la Wanyamapori wala tiketi ya kukata. Hii haina maana kwamba mlima hauna wenyewe. Ardhi ni ya jamii, ina mashamba, malisho na mizinga ya watu, na kwa Wapokot Mtelo ni mlima mtakatifu: wazee huuelekea katika maombi na sherehe zao. Unapopanda, unaingia mahali pa ibada ya watu wengine.

Utaratibu ni huu. Mpate mwongozaji aliyezaliwa Sekerr na anayezungumza Kipokot. Naye akupeleke kwa chifu au naibu wake kabla hamjapanda. Beba kitambulisho, eleza umetoka wapi, mko wangapi, mtalala wapi na mtarudi lini. Usifike kwa haraka. Kaa, salimia wazee kwanza, pokea chai ukipewa, ndipo useme shida yako: "Mzee, tumetoka Kainuk, tumekuja kuomba njia ya kwenda Mtelo." Kama wewe ni Mturkana, sema hivyo mwenyewe mapema na kwa utulivu, mwenyeji wako akiwa kando. Kujificha huleta shaka, na ukweli ukisemwa mbele ya wazee hukupa ulinzi wao. Wazee wakikushauri usubiri, subiri. Wakisema mahali fulani hapaendwi, usiende.

Malipo yakubaliwe yote kabla: ya mwongozaji kwa siku, ya mbeba mizigo, ya mahali pa kulala. Ulizeni pia chakula cha mwongozaji kiko kwa nani, kwa kuwa ugomvi mwingi wa milimani huanzia kwenye sufuria.

Kupanda

Marich iko chini, na kilele kiko zaidi ya mita 2,000 juu yake. Mtu mwenye afya ya kawaida, mwenye mzigo, hupanda mita 300 hivi kwa saa moja bila kuhesabu mapumziko. Piga hesabu utaona kwamba kutoka chini kabisa hadi kileleni ni kazi ya saa saba au nane za kupanda mfululizo. Usiifanye siku moja. Gawanya safari kwa siku tatu.

Siku ya kwanza ni ya kufika juu ya ukingo wa Sekerr, penye makazi. Kuna barabara ya vumbi inayopanda milimani hadi sehemu za Mbara. Wakati wa kiangazi bodaboda zenye nguvu au gari la magurudumu manne hufika eneo hilo. Ukipanda bodaboda, vaa helmeti na ushuke kutembea kwenye kona zenye changarawe. Wanaopenda kutembea tangu chini waanze saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijawaka, kwa sababu mteremko wa chini hauna kivuli. Laleni karibu na makazi, kwa ruhusa ya mwenye boma.

Siku ya pili ni ya kilele. Ondokeni mapema tena. Asubuhi anga huwa safi. Kuanzia adhuhuri mawingu huuvaa mlima na kuficha njia. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa saba mchana, na ikifika mgeuke hata kama kilele kimebaki hatua chache. Njia za mifugo hugawanyika kila mara msituni, basi msimwache mwongozaji mbali, na kundi liende kwa mwendo wa yule aliye mchovu zaidi. Ukungu ukishuka, kaeni mahali pamoja hadi uinuke. Magoti huumia zaidi wakati wa kuteremka kuliko wa kupanda, kwa hiyo chukua fimbo, hata ya kuazima.

Siku ya tatu ni ya kushuka hadi Marich na kupata gari la mchana kurudi Kainuk. Msipolipata kabla ya saa nane, laleni Marich au Sigor. Msiingie barabarani jioni kwa kuogopa gharama ya kitanda.

Ramani za karatasi za Idara ya Upimaji, za kipimo cha 1:50,000, zinaonyesha miinuko vizuri na zinapatikana Ruaraka, Nairobi. Ramani za simu zipakue kabla ya kuondoka. Lakini ramani haijui boma lipi limehama na njia ipi imefungwa na maporomoko. Mwongozaji anajua.

Wakati wa kwenda

Miezi mizuri ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, kukiwa kukavu. Mvua za masika huanza karibu na Machi au Aprili, na milimani huweza kuendelea hadi Agosti. Oktoba na Novemba hurudi tena, na ndizo za kuogopwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, baada ya mvua kubwa, miteremko ya Pokot Magharibi iliporomoka katika vijiji kama Nyarkulian, Parua na Tapach. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengine wakiwa usingizini, na barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika. Aprili 2020 maporomoko mengine yalilipiga soko la Chesegon. Mlima ulioshiba maji hautoi notisi ndefu. Mvua ikinyesha mfululizo kwa siku mbili, ahirisha safari. Ukiwa tayari juu, usipige hema chini ya mteremko mkali, kwenye mkondo mkavu, wala kwenye mlango wa korongo.

Chini nako kuna laga. Laga ni mchanga mkavu asubuhi, na maji ya mvua usiyoiona, iliyonyesha milimani, huweza kuifikia alasiri. Dalili ya kwanza ni mngurumo kama wa lori la mbali, kisha ulimi wa maji ya kahawia unaosukuma povu, vijiti na mavi ya mbuzi. Ukiona ulimi huo, panda ukingo mara moja, uache mzigo ikibidi. Maji ya magotini yenye kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima. Subiri yapungue. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa chache.

Mzigo, maji na chakula

Joto hushuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kainuk ikiwa nyuzi 35 mchana, kilele huenda kikawa na nyuzi 20, na usiku juu huko ni baridi ya kutetemesha. Watu wa tambarare hulidharau hili kuliko jambo jingine lolote.

Beba kwa kila mtu:

- viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, vyenye soli ya kushika; akala zinafaa kwa kupumzisha miguu bomani;
- sweta nzito, koti la mvua, kofia, soksi jozi mbili, na blanketi au mfuko wa kulalia;
- maji lita tatu hadi nne kwa siku ya kupanda kutoka chini, na dawa ya kutibu maji, kwa kuwa vijito vya juu hunywewa pia na mifugo;
- tochi na betri za akiba, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, filimbi, kisu, kamba;
- chapati, mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi, sukari na chumvi; unga na sufuria kwa jioni;
- chandarua, dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu, bandeji, dawa ya maumivu, na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini.

Usikate miti ya moto msituni. Nunua kuni bomani au beba jiko dogo la gesi. Mierezi hukua polepole, na msitu uliobaki Sekerr ndio unaoshika udongo usiporomoke.

Afya

Zaidi ya mita 2,500, wengine hupata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi kwa sababu ya hewa nyepesi. Pumzika, kunywa maji, usipande zaidi hadi upate nafuu. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku, kwa uangalifu.

Chini kuna malaria, na kuna ugonjwa wa kalaazar ambao Pokot Magharibi na Turkana zinaujua vizuri. Huenezwa na usubi mdogo wa mchangani anayependa nyufa za vichuguu. Kwa hiyo usikae wala usilale karibu na kichuguu hasa jioni, na jifunike. Homa isiyoisha kwa wiki mbili baada ya safari, pamoja na kukonda au tumbo kuvimba upande wa kushoto, ipeleke hospitali na useme ulikuwa wapi.

Nyoka wapo, kifutu akiwamo, ambaye hulala njiani bila kukimbia. Tazama unapokanyaga, kung'uta viatu asubuhi kwa ajili ya nge. Aliyeumwa na nyoka asikatwe wala kufyonzwa jeraha. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Zilizo karibu ni ya Sigor na hospitali ya misheni ya Ortum; kubwa zaidi ni za rufaa za Kapenguria na Lodwar. Namba za dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Kabla ya kupanda, muulize mwongozaji ni ukingo upi wenye mtandao, ili ujue pa kukimbilia.

Adabu za njiani

Salimia kila unayempita. Kwa Waturkana "ejoka" hufungua uso wa mtu, na kwa Wapokot mwongozaji wako atakufundisha salamu zao kabla hamjafika bomani. Kundi la mifugo likija, simama kando upande wa juu wa mteremko, uwaachie wanyama upande wa chini. Usipige picha ya mtu, ya sherehe wala ya mifugo bila kuomba. Usiulize idadi ya ng'ombe wa mtu, hasa mahali ambapo swali hilo lina historia ya wizi.

Mitoni utaona akina mama wakiosha mchanga kwenye karai kutafuta punje za dhahabu. Wanafanya kazi. Usiwazunguke kwa simu wala usinunue chochote kwa siri. Mizinga ya nyuki, hata ile iliyoonekana kusahaulika, ina mwenyewe. Takataka zako zote zirudi nawe hadi Marich.

Mlima ukikataa

Hali ya usalama au mvua ikizuia Sekerr, safari haijapotea. Kutoka Marich unaweza kutembea na mwenyeji kando ya Muruny na kuingia vilima vya chini vya Cherangani, ambako mlima Koh unamfaa mwenye miguu imara. Upande wa Sigor utaona mifereji ya kienyeji ya umwagiliaji, kazi ya mikono ya Wapokot na majirani zao Wamarakwet tangu zamani, inayoshusha maji ya milima hadi mashambani. Bwawa la Turkwel hutembelewa kwa ruhusa ya wanaolisimamia, na barabara yake hutumiwa kwa gari tu, ukikumbuka ndovu wa Nasolot.

Walimu wa Kainuk, Lokichar na Lodwar, ninawaomba mliangalie hili kwa upana. Miguu imewahi kufanya kazi ya amani katika nchi hii. Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi aliyeshinda mbio za New York mwaka 1994, alianzisha mbio za amani zilizowakutanisha vijana wa jamii zinazopigana, na mwaka 2016 wakimbiaji aliowasaidia kutoka kambi ya Kakuma wakashiriki Olimpiki ya Rio. Safari ya shule ya Kiturkana na shule ya Kipokot kupanda pamoja hadi ukingo wa Sekerr, ikipangwa na machifu wa pande zote mbili na kusindikizwa na polisi, itawaonyesha watoto maji yao yanatoka wapi na wanagawana na nani. Andikeni barua kwa machifu muhula huu, ombeni tarehe ya Januari, na mwanze na kundi dogo.

Na wewe unayekwenda peke yako au na wenzako wawili watatu: uliza polisi, uliza madereva, pita Marich, mwone chifu, mfuate mwenyeji, geuka saa yako ikifika. Ukikosa hata moja kati ya hayo, baki nyumbani. Mtelo utakuwapo mwaka ujao.